Jirani kaniletea karatasi ya maabara: sodiamu 121. Tuongee jinsi seli inavyoishi kwa kukataa usawa

#1 TuisheniYaJioni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jumapili saa moja asubuhi jirani yangu hapa Mbagala kanigongea, karatasi mkononi, macho mekundu. Mama yake mzazi, miaka sabini na kitu, kalazwa usiku baada ya siku mbili za kuongea vitu visivyo na kichwa wala miguu. Mjukuu anamwita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani, anauliza treni ya Pugu inapita saa ngapi. Nyumbani walishaanza kunong'ona kwamba bibi katupiwa kitu. Kwenye karatasi mstari mmoja ulizungushiwa kalamu nyekundu: sodiamu 121. Kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita.

Akaniuliza: "Mwalimu, sodiamu si ndiyo hii chumvi? Mtu anachanganyikiwa kwa kukosa chumvi? Sisi tuliambiwa mwenye presha chumvi sumu, tukaiacha kabisa. Na maji anakunywa vizuri, lita nne kwa siku, namsimamia mwenyewe."

Nafundisha baiolojia mwaka wa kumi na tano huu. Seli nimeichora ubaoni mpaka naweza kuichora nimefumba macho. Lakini pale mlangoni nikagundua ninachowafundisha watoto hakimsaidii huyu bwana hata kidogo, kwa sababu huwa naanza na majina ya vitu: kiini, mitokondria, ribosomu, saitoplazimu, chora, andika, kariri. Seli inafanya nini kutwa nzima, hilo tunalipitia mbio mbio wiki ya mwisho kabla ya mtihani.

Kosa jingine liko kwenye neno. Vitabu vinasema mwili "unadumisha mizani". Ukisikia mizani unaiona ile ya muuza nyama, pande mbili zimelingana na mshale umetulia. Seli haiko hivyo. Seli ambayo ndani yake na nje yake pamelingana ni maiti.

Angalieni namba. Nje ya seli, kwenye majimaji yanayoizunguka, sodiamu iko kama 140. Ndani iko kama 12 tu. Potasiamu kinyume chake: ndani kama 140, nje kama 4. Kati ya pande hizo mbili kuna utando wa mafuta wa tabaka mbili, mwembamba kiasi kwamba ukipanga tando elfu kumi moja juu ya nyingine ndiyo kwanza unakaribia unene wa karatasi ya daftari. Na unavuja. Sodiamu inapenya kuingia, potasiamu inapenya kutoka, mchana na usiku.

Sasa fikiria jahazi bovu linatoka Mafia, maji yanaingia kwenye mbao. Halizami kwa sababu kuna kijana ana kopo, anafua maji tangu limeng'oa nanga. Seli nayo ina vijana wa kopo, pampu zilizopandikizwa kwenye utando. Kila mzunguko pampu moja inatupa nje sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Aliyeigundua ni Mdenmaki, Jens Christian Skou, mwaka 1957, akichunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Ndiyo, kaa huyu huyu wa Feri. Tuzo ya Nobel alikuja kupewa 1997, miaka arobaini baadaye.

Kijana wa kopo anataka kula. Chakula chake ni ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kwa sisi watu wa Dar njia rahisi ya kuielewa ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hakuna mkopo na hakuna ghala. Ulichonacho sasa hivi kinakwisha upesi, kwa hiyo mitokondria inanunua tokeni muda wote kwa kutumia oksijeni unayovuta na chakula ulichokula. ATP ile ile inatumika, inajazwa, inatumika tena, kiasi kwamba ukijumlisha yote iliyotengenezwa kwa siku unapata kitu kinachokaribia uzito wako mwenyewe. Na sehemu kubwa ya tokeni hizo, hata ukiwa umelala fofofo, zinaliwa na pampu.

Tokeni zikikatika? Mtu akipata kiharusi, mshipa wa damu kichwani umeziba, oksijeni haifiki. Ndani ya dakika chache pampu zinasimama. Sodiamu inajaa ndani, maji yanaifuata, seli inavimba, inaanza kufa. Hakuna aliyekuja kuibomoa. Kijana kaacha kopo tu.

Shikeni hilo la maji kufuata chumvi, ndiyo kesi ya mama jirani. Kila mtu humu keshaliona kwenye kachumbari. Kata vitunguu, nyunyiza chumvi, geuka ukachome mishikaki, ukirudi bakuli lina maji. Hakuna aliyeyamimina, yametoka ndani ya seli za kitunguu kufuata chumvi iliyo nje. Kwa mama mambo yaligeuka. Chakula hakina chumvi, maji ni mengi, na juu yake anameza kile kidonge cha presha cha kukojoza ambacho kinatoa sodiamu. Damu ikawa nyepesi kuliko ndani ya seli, maji yakaingia ndani. Seli za mguu zikivimba kidogo hakuna tatizo kubwa, nafasi ipo. Seli za ubongo zimefungiwa ndani ya fuvu, na fuvu halitanuki. Treni ya Pugu imetokea hapo.

Mimi ni mwalimu, si daktari. Asiache mtu dawa kwa sababu ya uzi huu. Maswali karibuni.

#2 SitiYaDirishani

Nimekaa. Mwenye karanga apitishe.

#3 KondaMstaafu

Mwalimu umenishtua. Simu yangu ina programu inalia kila saa "kunywa maji". Nakunywa mpaka tumbo linacheza kama dumu nusu. Kumbe najiua?

#4 TuisheniYaJioni

Hapana mkuu, wewe una figo nzima. Figo nzima ya mtu mzima ina uwezo wa kumwaga karibu lita moja kwa saa. Shida inaanza pale bomba la kutolea linapopungua, kwa uzee, kwa dawa fulani, kwa ugonjwa wa figo au moyo, halafu la kuingizia likaachwa wazi.

Mimi hiyo programu ningeifuta. Unayo nyingine kichwani tangu tumboni mwa mama yako. Chini ya ubongo, sehemu inayoitwa hipothalamasi, kuna seli ambazo kipimo chao ni miili yao wenyewe. Damu ikizidi chumvi kidogo tu, asilimia moja au mbili, zinanywea, na kule kunywea ndiko kunakopiga kengele. Unasikia kiu, na wakati huo huo homoni inashuka kuiambia figo ibane maji. Ndiyo maana mkojo wa asubuhi ni mzito. Ukinywa, seli zinajaa tena, kengele inakatika, bomba linafunguliwa.

Kwa hiyo hakuna namba moja ya watu wote. Fundi anayemwaga zege Tegeta mwezi wa pili na mzee anayekaa barazani anapepewa, utawapimia kopo moja? Wazee tu ndio wa kuwaangalia pande zote mbili, kwa sababu kengele yao ya kiu huwa inafifia. Ila kuwaangalia si kuwajaza.

#5 dada_maabara

Mwalimu shikamoo kama ni mkubwa kwangu, kama mdogo basi nirudishie.

Nafanya kazi maabara, niongezee kitu ambacho hamtakiona vitabuni. Hiyo pampu unayoisema mimi naiona ikizimika kila wiki.

Kuna zahanati ilikuwa inatuletea sampuli za damu kwa bodaboda, zimelazwa juu ya barafu kwenye boksi kama samaki. Foleni ya Kilwa Road mnaijua. Zinafika saa tano, sita baada ya kutolewa. Tunapima potasiamu, inasoma 7. Kwa binadamu aliye hai 7 ni hatari, moyo unaweza kusimama. Tunapiga simu mbio, tunaambiwa mgonjwa yupo nje anakula muhogo wa kukaanga.

Kilichotokea ni kwamba baridi inazizimisha pampu. Chembe nyekundu zikiwekwa kwenye barafu hazifi palepale, ila kijana wa kopo anaganda mikono, na potasiamu iliyokuwa ndani inavuja taratibu kuja kwenye majimaji tunayoyapima. Mtu yuko salama, kilichozama ni chupa yake. Tukawaambia damu ya kupima potasiamu isilale kwenye barafu, iletwe upesi. Namba zikarudi mahali pake.

Na lile la maji kuingia, tukidondosha damu kwenye maji matupu chembe zinapasuka zote, kimiminika kinakuwa chekundu cha kung'aa kama juisi ya rozela. Ndiyo sababu dripu ina chumvi asilimia 0.9. Ukimwekea mtu maji matupu kwenye mshipa unampasua chembe zake.

Nimsahihishe mwalimu kidogo: sodiamu kushuka haiwi kila mara kwa sababu ya maji na chumvi. Kuna magonjwa ya mapafu, ya tezi, na dawa nyingine nyingi. 121 ni swali kwa daktari, jibu analo yeye akishampima.

#6 TuisheniYaJioni

Marahaba, ila kwa ufundi huu shikamoo nakupa mimi. Hiyo ya barafu Jumatatu inaingia darasani.

#7 DafuBaridi

Sasa mimi nauza madafu Posta, na wateja nawaambia dafu ni dripu ya Mungu. Nisije nikawa nadanganya watu.

#8 dada_maabara

Kaka DafuBaridi, uza kwa amani, ila badilisha maneno. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Kumbuka alivyosema mwalimu, potasiamu ndiyo chumvi ya ndani ya seli, sodiamu ya nje. Dafu ni kama majimaji ya ndani ya seli yaliyowekwa kwenye kifuu. Jasho na kuhara vinatoa sodiamu sana. Mtu kachoka na jua, mpe dafu afurahi. Mtu anaharisha kama bomba, dafu peke yake halitoshi. Na mteja akikuambia ana figo mbovu, muuzie maji ya kawaida kwanza akamuulize daktari wake, maana potasiamu kwake haina pa kutokea.

#9 MpinzaniDaima

Mnazunguka sana. Ugonjwa wote chanzo ni asidi mwilini. Nina mashine inageuza maji kuwa ya alkali, watu wanapona mpaka wanalia. Anayetaka aje inbox, na ukileta wenzako watatu unapata bonasi.

#10 KondaMstaafu

Nilijua tu. Uzi mzuri haukosi mtu wa "leta wenzako watatu".

#11 TuisheniYaJioni

Mkuu Mpinzani, nakujibu kwa heshima. Damu ya mtu mzima wa afya iko kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) 7.35 hadi 7.45, humo humo tu. Mashine yako ingekuwa kweli inaipandisha mpaka 7.8, wateja wako ungekuwa unawatembelea chumba cha wagonjwa mahututi. Maji yako yakishuka tumboni yanakutana na asidi kali ya kuweza kuyeyusha msumari polepole, na hiyo alkali inaishia hapo.

Anayelinda hiyo namba huhitaji kumnunua. Bana pumzi sasa hivi, wewe unayesoma. Nusu dakika, dakika. Ile hamu ya kuvuta inayokukaba kooni wengi wanadhani ni oksijeni imeisha. Oksijeni bado ipo. Ni kabonidayoksaidi imerundikana, damu inaelekea kwenye asidi, na seli za kwenye shina la ubongo zimeipima na kupiga kelele. Kila pumzi unayotoa unamwaga asidi. Inayobaki figo zinaimalizia polepole, kwa saa na siku.

#12 BintiWaSinza

Samahani kwa kuingilia. Baba yangu sukari ilisoma 18. Anakula sana, anakunywa maji sana, na bado anakonda. Nashindwa kuelewa, sukari imejaa mwilini halafu mtu anakonda kama hali?

#13 TuisheniYaJioni

Pole sana dada. 18 ni kubwa. Kama bado hajaanza matibabu usisubiri wiki ijayo, na akianza kutapika, kupumua kwa kasi au kuzubaa, ni hospitali usiku huo huo.

Swali lako ndilo kisukari chenyewe. Sukari iliyo kwenye damu bado haijaliwa, ni lori la mchele limeegeshwa nje ya nyumba. Seli za misuli na za mafuta milango ya kupitishia sukari zinaifungia ndani, kwenye vifuko vidogo vidogo. Insulini inatoka kwenye kongosho, inagonga kwenye utando, vifuko vinasogea na kuitoa milango nje. Kama insulini haipo, au ipo lakini seli imeziba masikio, lori linabaki barabarani na watoto ndani wanalia njaa. Seli zenye njaa zinaanza kuchoma mafuta na misuli. Hapo ndipo anakonda.

Kiu ni kachumbari tena. Sukari nyingi kwenye damu inavuta maji kutoka ndani ya seli. Ikipita kama 10 figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na inaondoka na maji. Wazee walikuwa wanaujua ugonjwa huu kwa kuona sisimizi wamekusanyika pale mtu alipojisaidia.

Kitu kimoja cha kumtia moyo: msuli unapofanya kazi unaitoa milango hiyo bila kungoja insulini. Ndiyo maana daktari atamwambia atembee. Lakini akishapima, akishapewa dawa, na kwa utaratibu watakaompangia.

#14 BintiWaSinza

Ameanza dawa jana. Asante mwalimu, leo ndiyo nimeelewa. Kule waliniambia tu "asile wali".

#15 MamaManzese

Mwalimu na dada wa maabara, Mungu awabariki. Mimi 2015 kipindupindu kilipoanza hapa Dar mwezi wa nane nilimuuguza mwanangu. Tulipewa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Siku zote najiuliza, chumvi naelewa, sukari ya nini? Nilidhani wanaweka watoto wapende.

#16 TuisheniYaJioni

Mama shikamoo. Hili swali nililisubiri.

Kimelea cha kipindupindu hakiui seli za utumbo. Sumu yake inaziamrisha. Inashika mlango mmoja wa kutolea chumvi na kuubana uwe wazi bila kufungwa, chumvi inatoka kwenda utumboni, maji yanaifuata, ndiyo ule mharo mweupe kama maji ya mchele. Ukimnywesha mgonjwa maji matupu yanapita tu.

Lakini kuna mlango mwingine ambao sumu haijaugusa. Huo haufunguki kwa sodiamu peke yake wala sukari peke yake. Zije pamoja, kama geti linalotaka funguo mbili. Sukari ndiyo ufunguo wa pili, utamu umekuja kwa bahati. Zikiingia, maji yanafuata ndani. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza mlango huo mwaka 1960. Ndiyo maana pakiti ya sasa ikichanganywa kwenye lita moja inatoa sukari milimoli 75 na sodiamu milimoli 75, yaani kwa idadi sawa.

Mwaka 1971 wakati wa vita vya Bangladeshi, wakimbizi walijazana India kwenye kambi ya Bongaon na kipindupindu kikawavamia. Dripu zikaelekea kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya sukari na chumvi kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu thelathini kwa kila wagonjwa mia vikashuka chini ya vinne.

Pakiti zikikosekana: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita vya kusawazishwa, chumvi nusu kijiko. Msizidishe. Soda haifai, sukari yake imezidi mno, itavuta maji kurudi utumboni.

#17 MamaManzese

Marahaba mwanangu. Yule mtoto sasa yuko kidato cha pili, anaogopa sindano lakini ORS anaikumbuka ladha yake.

#18 FundiFriji

Mimi fundi wa majokofu. Haya yote si themostati tu jamani? Joto likipanda compresa inawaka, likishuka inazima.

#19 TuisheniYaJioni

Mfano mzuri mpaka mahali fulani, fundi. Joto letu liko kama 37, likipanda jasho linatoka, na hipothalamasi ndiyo themostati. Homa ni kwamba mtu kaigeuza ile nobu akaiweka 39, ndiyo sababu mgonjwa wa malaria anatetemeka kwa baridi wakati anaungua.

Ila jokofu lako ukilichomoa linabaki jokofu. Ndani patakuwa na joto, utalichomeka kesho. Seli ukiichomoa, kuta zenyewe zinakwenda. Halafu jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka, na kwa unyevunyevu wa Dar mwezi wa tatu unalowa shati na joto liko palepale. Hapo hata compresa nzima inahangaika.

#20 TuisheniYaJioni

Mrejesho kuhusu mama, kwa mlioniuliza pembeni.

Siku ya pili jirani alikuja amekasirika. Anasema hospitali wanamchezea mama yake, sodiamu imepanda kidogo tu, kutoka 121 hadi 126, wakati chumvi inauzwa hata dukani kwa mangi. Kwa nini wasimjazie siku moja yaishe?

Nikamketisha, nikamuomba dada_maabara namba ya daktari mmoja anayemfahamu, akatueleza kwa simu. Seli za ubongo zilipoona maji yanaingia hazikukaa kimya. Zilianza kutupa nje chumvi zao na vitu vingine vya ndani ili zisivimbe zaidi. Kwa siku chache zikawa zimezoea damu nyepesi. Sasa ukiipandisha chumvi ya nje ghafla, ni kitunguu kwenye bakuli, maji yanazikimbia, zinanywea, na ule utando wa mafuta unaofunika nyaya za fahamu unaweza kuharibika. Mtu anapona sodiamu halafu anapooza. Ndiyo maana wanapandisha kwa pointi nane, kumi kwa siku na hawazidishi, wanapima, wanangoja, wanapima tena. Kile kidonge wamembadilishia, na maji wamempunguzia wenyewe hospitali.

Jirani akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo wanazisubiri?" Ndiyo. Wanazisubiri.

Jumatano ilikuwa 130. Leo 133. Asubuhi kamwita mjukuu kwa jina lake, kaulizia kuku wake, halafu kalalamika uji wa hospitali hauna chumvi.

#21 KondaMstaafu

Mwekeeni kidogo jamani.

#22 dada_maabara

Mpaka daktari aseme. Na sampuli ya kesho isije kwenye barafu.